Spika ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakuwa na sikio la muziki. Alikuwa na spika, na kwa Mwaya yetu ya kando ya ziwa wakati ule, Mwingereza bado yuko bomani Tukuyu, mtu mwenye spika alihesabiwa kuwa na sikio. Watu walitoka hata kijiji cha Talatala kuja kukaa sebuleni kwake. Walivua viatu mlangoni, wale wenye viatu, wakainamisha vichwa na kufumba macho kana kwamba mchungaji ameanza sala. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, jikoni, napepeta mchele, na nilikuwa nawacheka.

Nilikuwa nyuma ya ukuta kwa sababu nilikuwa mkwe wa nyumba ile. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sikukanyaga sebuleni akiwamo, sikutaja jina lake, na kitu kilichofanana na jina lake nilikizungushia maneno mengine mpaka wageni wakadhani nina kigugumizi. Tukikaribiana njiani, anayemsikia mwenzake kwanza anakohoa. Nikikohoa mimi, yeye anasimama na kugeuzia uso wake upande wa ziwa, mimi nachepuka kwenye migomba, nachuchumaa, najifunika kanga, naye anapita. Akikohoa yeye, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu huyu nilimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa fimbo yake, kwa namna alivyokokota kiti. Kama ana ndevu au hana, sikujua.

Mume wangu alikuwa amekwenda kwenye migodi ya shaba Rhodesia. Mimi na binti yetu mdogo tuliishi kwenye nyumba ya mianzi upande wa pili wa uwanja, na mchana kutwa nilishinda jikoni kwa mama mkwe, nikisikia kila kilichosemwa sebuleni. Wanaume wakikaa ndani husahau kwamba ukuta una upande wa pili.

Redio ilitoka Mbugani, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko cha sisi sote. Ndani ya redio ile mlikuwa na spika ndogo, na ilitosha kabisa. Lakini mfanyabiashara alimweleza baba mkwe kwamba mtu wa heshima huweka spika ya nje, kubwa, ndani ya sanduku la mbao, iliyoungwa kwa waya. "Bila hii, mzee wangu," alisema, "unasikia maneno tu. Sauti huisikii." Baba mkwe akanunua spika ili aisikie sauti. Mpaka leo sijaelewa alifikiri maneno yanamfikia kwa njia gani.

Sasa, sebule ile ilikuwa fahari ya Mwaya: matofali ya kuchoma, sakafu ya sementi, bati juu. Ndani mna meza, viti na picha ya Mfalme. Chumba kitupu kama kile kilirudisha kila sauti. Mtangazaji wa Dar es Salaam akisoma habari, kila neno lilisemwa mara mbili, mara ya kwanza na yeye, mara ya pili na ukuta. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na sijawahi kuona wanaume wazima wakifanya kazi kwa bidii namna ile bila kutoa hata kikapu kimoja cha chakula.

Kila jioni redio ilipofunguliwa, baba mkwe na wazee wawili wa rika lake walibeba lile sanduku wakilizungusha chumbani. Wakilisogeza kwenye kona, sauti inakuwa nene. Wakilitoa katikati ya chumba, inakuwa nyembamba. Wakiliinua juu ya meza, meza nayo inaimba. Mmoja wa wazee wale alikuwa mwinjilisti, na yeye ndiye aliyekuwa na maneno mengi zaidi. Walizungumza juu ya sauti kama watu wanaoonja mboga.

"Bado haijakolea."

"Sukuma ukutani kidogo. Hapo. Hapo hapo!"

"Ndaga, mwenzetu, ndaga fijo, asante sana. Sasa imeiva."

Kesho yake ilikuwa mbichi tena, na sanduku linaanza safari upya.

Ukaja msimu wa mavuno, magunia ya mpunga yakapangwa sebuleni kufuata kuta, kama kila mwaka. Jioni ile mwangwi ukatoweka. Mtangazaji alizungumza kana kwamba amekaa mkekani. Wazee walishangaa sana, wakapapasa magunia, wakapeana mikono. Nilidhani watacheka na yataishia hapo. Wapi! Mama mkwe alikuja jikoni na uso umemshuka.

"Baba anasema mpunga hautoki," aliniambia. "Ukitoka, sauti itatoka nao."

Basi tukakaa na mpunga wa kutunzia sauti. Sisi wanawake tuliulima, tukauinamia kwenye matope mpaka viuno vikauma, tukaufukuzia ndege. Sasa ulikuwa mapambo ya ukuta, na tulipokosa sabuni na mafuta ya taa tuliambiwa tuvumilie. Panya walishukuru. Walinenepa wakisikiliza muziki wa dansi kila jioni, na nadhani katika nyumba ile wao peke yao ndio waliofaidi ile redio kwa ukamilifu.

Kisha likaja la chungu. Wanawake wa Kikisi, wafinyanzi, walileta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu vizuri vya tumbo pana, unagonga kwa kidole vinalia. Baba mkwe aligonga kimoja pale ufukweni, akasimama akikisikiliza, akakinunua, na vingine kadhaa. Mama mkwe alifurahi, maana chungu chetu cha maji kilikuwa na ufa. Masikini! Mzee aliitoa spika kwenye sanduku lake la mbao, akataka kuiweka kwenye mdomo wa chungu. Kwa kuwa mwinjilisti alisema sauti nayo inahitaji kupumua, alichukua nyundo na msumari ili atoboe tundu nyuma. Chungu cha kwanza kilipasuka. Cha pili pia. Mwanamke wa Kikisi amekaa na kile chungu siku nzima akikizungusha kwa mikono yake, huyu anakipasua kwa ajili ya pumzi ya redio! Nililia kwa hasira, nikiokota vigae nje ya mlango wa nyuma.

Hatimaye kimoja kilikubali tundu. Na hapa nitasema kweli, maana sikuzoea kumpa mzee yule haki yake: sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzito, ya mviringo, ngoma zilipita ukutani zikanifikia kifuani. Niliacha kupepeta. Nilisimama pale na ungo mkononi mpaka mama mkwe akanigusa bega. Ndivyo alivyoipenda yeye, nene, yenye tumbo, na wageni waliokuja walipigapiga chungu kwa heshima kama wanampongeza ng'ombe.

Ingalikuwa imeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini baada ya mvua za mwaka uliofuata, baba mkwe alianza kulalamika kwamba spika imezibwa. Alisema mtangazaji anaongea na kitambaa mdomoni. Alilaumu betri, akanunua nyingine. Alilaumu unyevu wa ziwa. Akalaumu chungu, akakitoa na kukitupa nje, na kuku wangu akaenda kutagia humo. Akalaumu magunia yake mwenyewe, na mpunga ambao tulikuwa tumeuomba kwa magoti ukauzwa siku moja kwa haraka kana kwamba umeibwa. Akairudisha spika sandukuni, akachana kitambaa cha mbele. Halafu akakizungusha kifundo cha redio kinachobadilisha sauti, akakipeleka mwisho kabisa kwenye upande wa wembamba, na kile cha ukubwa wa sauti akakiongeza.

Ee Mungu wangu. Mle ndani sasa hapakuwa na magunia wala chungu, ni sementi na bati tu, na sauti ile ikatoka kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko. Kuku waliondoka uwanjani. Binti yangu aliziba masikio, na bibi yake akamshusha mikono, akamwambia, "Usifanye hivyo, watu wataona." Na wale wazee je? Mama mkwe alipowapelekea chai aliwakuta wanalengwalengwa na machozi, wamekaza shingo, wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Sasa ni safi," alisema mwinjilisti. "Sasa unasikia hata pumzi ya mtangazaji."

"Mzee wangu ana sikio," alisema yule wa Mbugani, aliyekuja na betri nyingine. "Sikio la namna hii ni la kuzaliwa nalo."

Niliwadharau wote pamoja. Mfanyabiashara angalau alikuwa kazini. Lakini wale wengine walikuwa na masikio mazima, na kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme kwamba kelele ile inaumiza, na hakuna aliyesema. Walikwenda makwao vichwa vinauma, na kesho yake walirudi kuumwa tena.

Mimi nilijua kilichozibwa. Nilianza kuliona tangu siku niliyokohoa karibu na mto na yeye hakusimama. Nilikohoa tena, fimbo ikaendelea, ko, ko, ko, ikija kwangu. Nilijitupa kwenye majani na ndoo yangu, nikalala kifudifudi mpaka akapita. Nilidhani ana mawazo. Ikatokea tena nyuma ya zizi, ikatokea tena njia ya kanisani. Sisi wawili hatukuwa na kitu kingine cha kutulinda na aibu ila masikio, na masikio ya mmoja wetu yalikuwa yamekwisha.

Nilimwambia mama mkwe. "Mama, baba hasikii."

"Gwe, nyamaza!" Alitazama mlangoni. "Mwanamume aliyenunua spika anawezaje kuwa kiziwi?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Basi nikawa mimi ndiye wa kukimbia. Kila nilipotoka nilitega sikio kwa ajili ya watu wawili, na nilichoka.

Asubuhi moja natoka mtoni na maji kichwani, kwenye kona ambapo migomba ilibana njia, na ardhi ilikuwa laini kwa mvua hata fimbo haikutoa mlio. Mimi nilikohoa kwenye kila kona kwa mazoea. Nilikohoa hapo, nikakohoa tena kwa nguvu, mkono mdomoni, na yeye akatokea. Tulikuwa karibu kiasi cha kupeana mkono. Ndoo ilianguka. Basi nikamwona: ana ndevu, chache, nyeupe, na macho madogo. Hakuutazama uso wangu. Alitazama mkono wangu, pale ulipokuwa mbele ya mdomo, na nikaona hofu inamwingia, kwa sababu alielewa nilikuwa nafanya nini. Kisha akageuka upande wa ziwa na kuipigia kelele migomba:

"Huyu mtoto hakukohoa! Hakukohoa huyu!"

Mji mzima ulisikia, maana siku hizo hakujua tena kupima sauti yake.

Kumwona baba mkwe uso kwa uso ni jambo kubwa. Mkwe aliyefanya hivyo kwa ukaidi hurudishwa kwao. Kwetu kulikuwa Talatala, si mbali, ningeweza kwenda hata kwa miguu. Lakini ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, na mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Ningerudi peke yangu. Mama mkwe alinieleza hivyo huku analia, na binti yangu amekaa kati yetu anakula ndizi, hajui kwamba anazungumzwa yeye. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Wazee waliitwa sebuleni. Mimi sikuruhusiwa kuingia, baba mkwe akiwamo. Nilikaa jikoni nyuma ya ukuta, na mama mkwe alisimama mlangoni kupitisha maneno. Mfanyabiashara wa Mbugani alikuwapo pia, amekuja kwa ajili ya waya, akabakizwa kwa heshima. Walianza mbali sana. Walizungumzia wasichana wa siku hizi, shule za misheni, kanga fupi, na jinsi mama zao wao walivyotembea wameinama. Nilisubiri. Mwishowe mwinjilisti aliuliza kama nilikohoa.

"Anasema alikohoa," alisema mama mkwe. "Zaidi ya mara moja."

Kiti kilikokotwa, kwa namna niliyoijua.

"Jamani," alisema baba mkwe, kwa sauti ya kuhubiri uwanjani. "Mimi si ndiye ninayesikia pumzi ya mtangazaji aliye Dar es Salaam? Hamkusema hivyo nyinyi wenyewe, humu humu? Basi nisisikie kikohozi cha mtu aliye mbele yangu njiani?"

Halafu nikawasikia, mmoja baada ya mwingine, wakikubali.

"Kweli."

"Hilo ni kweli."

"Sikio lake tunalijua."

Wangesema nini kingine? Wamekaa mwaka mzima wanalisifu sikio lile ili waendelee kunywa chai na kusikiliza dansi bure. Ile adabu yao yote ya kutikisa vichwa sasa ilikuwa ushahidi, na gharama yake alikuwa mtoto wangu. Damu ilinipanda kichwani. Sikufikiri. Niliweka mkono mdomoni, nikasogea karibu na ukuta, nikakohoa kikohozi cha njiani, kilekile.

Viti vikalia kwa pamoja. Mama mkwe aliniambia baadaye nilichokuwa nimekwisha kukisikia: kila mzee mle ndani aligeuka kutazama ukuta wa upande wa ziwa, kama walivyofundishwa tangu ujana wao, maana kila mmoja wao ni baba mkwe wa mtu. Hata yule wa Mbugani, ambaye mila ile haimhusu, aligeuka kwa kuwa wenzake wamegeuka. Baba mkwe peke yake alibaki amekaa, anatazama visogo vyao. Kisha akamwinamia mwinjilisti ili amnong'oneze, na mnong'ono wake ukavuka ukuta, ukavuka uwanja, ukafika kwenye migomba.

"Mbona mmegeuka?"

Nilisikia bati likilia kwa joto la jua. Nilingoja mtu mmoja tu, mmoja, aseme neno lile fupi linalojulikana na kila mtu. Aliyefungua mdomo alikuwa mfanyabiashara.

"Mzee wangu," alisema, kwa nguvu, neno moja moja, "chumba hiki kina mwangwi sana. Sauti inapotea."

Ungedhani amewafungulia mlango wa gereza. "Ni chumba!" walisema. "Chumba hiki kilikuwa na taabu tangu mwanzo!" Na mwinjilisti, ambaye hakuwahi kupitwa na jambo, akaongeza kwamba hata ile njia ya mtoni ni hivyohivyo, migomba imebana, inameza sauti, kikohozi cha mkwe kimemezwa na migomba. Wakakubaliana kwamba mkwe hana kosa, baba hana kosa, na migomba ikatwe ili watu waonane kwa mbali. Kesho yake walikwenda na mapanga, wakaikata migomba iliyokuwa imeanza kuzaa. Walitoka pale wakijifuta jasho, wameridhika, wazee waliotoa haki.

Nilibaki nyumbani kwa mume wangu, pamoja na mtoto wangu. Nilipika ndizi zile mbichi kwa siku nyingi, na kila nilipozimenya niliwatukana kimoyomoyo.

Baba mkwe hakuniomba radhi, na isingewezekana, maana hatusemeshani. Lakini haukupita muda mama mkwe alivuka uwanja amebeba redio, na nyuma yake mtu amebeba lile sanduku.

"Baba anasema chumba chake kimeikataa," alisema bila kunitazama. "Anasema labda chako kitaikubali."

Nyumba yangu ilikuwa ya mianzi na udongo, mikeka chini, nyasi juu. Hakikuwamo cha kurudisha sauti. Nilimfukuza kuku wangu kwenye kile chungu, nikakiosha, nikaiweka spika mdomoni mwake kama mwanzo, nikakizungusha kifundo upande wa unene. Sikuhitaji mwinjilisti wa kuniambia imeiva. Jioni ile dansi lilitoka taratibu, zito, lenye tumbo, na mwanangu akalala akilisikiliza. Nilijiona nimeshinda.

Kisha nikachungulia kwa upenyo wa mianzi. Baba mkwe alikuwa ametoa kiti chake barazani. Alikaa amenipa mgongo, kama mila inavyotaka, lakini kiti alikuwa amekileta mpaka ukingo wa baraza, upande wangu. Mkono wake ulikuwa gotini, unapiga mapigo. Muziki uliisha, taarifa ya habari ikaanza, na mkono ukaendelea kupiga.

Nilisimama pale nikiutazama mkono ule, na dharau yote niliyoihifadhi kwa ajili yake ikakosa pa kukaa. Niliitoa spika kwenye chungu. Niliirudisha sandukuni, nikaligeuzia mlangoni, nikakizungusha kifundo mpaka mwisho, upande wa wembamba, nikaongeza sauti. Habari zikaisha, dansi likarudi, likikwaruza mpaka meno yakaniuma. Kule barazani mkono ulisimama. Ukakaa hewani. Halafu ukaanza upya, polepole, na safari hii ulikwenda pamoja na ngoma.

Nyuma yangu binti yangu alikuwa ameamka, ameziba masikio, analia. Nilimshusha mikono.

"Sikiliza," nilimwambia. "Sauti nzuri sana hii."